Ukurasa wa Thelathini na Moja

Kiti walichompa kilikuwa cha mwanafunzi, kile chenye kibao kidogo cha kuandikia upande wa kulia, na Mzee Upepo alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Alijipinda, akaweka kalamu, ikaanguka. Akaiokota, ikaanguka tena. Vijana ishirini na wawili waliokaa mbele na nyuma yake wakajifanya hawaoni, na walikuwa wanaona vizuri sana.

Darasa lile lilikuwa lake. Si kwa hati, lakini ubao aliupaka rangi yeye, na ndoano za ukutani za kutundikia nguo za kujikinga na kemikali alizipigilia yeye, enzi ambazo kikosi kizima kilikuwa na nguo mbili na moja ina kiraka. Alikuwa na miaka ishirini na minane ya zimamoto, kumi na mitano kati yake akiwa kiongozi wa kikosi cha kemikali hatari. Jina la Upepo alilipatia humo humo. Kila darasa jipya alilianza kwa swali moja: upepo unatoka wapi? Aliyejibu kwa kukisia alitolewa nje akasimame uwanjani mpaka ajue.

Sasa ulikuwa umekuja waraka. Ulisema kuanzia mwezi ujao hakuna atakayeongoza kikosi cha kemikali bila kuwa na cheti cha kozi ya kemikali. Mzee Upepo hakuwa nacho, kwa sababu ndogo tu kwamba alipoanza kazi hiyo kozi haikuwapo, na aliyeianzisha ni yeye. Alipokwenda kulieleza hilo ofisini, karani alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akamwuliza kama amekuja na nakala ya cheti.

Basi akaenda kukaa. Mwalimu alikuwa inspekta kijana ambaye wanafunzi walimpachika jina la Projekta, maana bila mashine yake ya kumulika ukutani hakuweza kukwambia hata jina la baba yake. Huyu Projekta alifundishwa kuvaa barakoa na Mzee Upepo. Na viti viwili mbele, mgongo wima, nywele zimefungwa nyuma kama kanuni inavyotaka, alikaa askari mpya wa kike ambaye hakugeuka hata mara moja. Huyo alikuwa binti yake, kitindamimba wake. Baba na mwana kozi moja! Kituo kizima kilipata mzaha wa wiki nzima bila kulipia.

Vikagawiwa vitini, vile vijitabu vya kozi. Jalada lilikuwa na jina la Projekta kwa herufi kubwa. Ndani, maneno yalikuwa ya Mzee Upepo, sentensi kwa sentensi, hata pale alipoandika kwamba klorini ni gesi mvivu, haipandi juu, huteremka kutafuta mtaro kama maji machafu. Alikifunga kitini, akakifungua, akakifunga.

Siku ya tatu wakafika ukurasa wa thelathini na moja. Projekta alisoma maneno yaliyokuwa ukutani: mtungi wa klorini ukivuja, baada ya kuwaondoa watu, elekeza maji mengi mahali panapovuja. Mzee Upepo akanyoosha mkono.

"Maswali mwishoni, mzee," alisema Projekta bila kugeuka. "Hapa tunakwenda na ratiba."

Mtu mmoja akacheka kwa pua. Mkono wa Mzee Upepo ulibaki juu muda mrefu kidogo kuliko ilivyopasa, kisha ukashuka. Mwishoni muda ulikuwa umekwisha, Projekta anakunja nyaya zake, na vijana wameshasimama. Mzee Upepo naye akasimama. Watajua wenyewe, alisema moyoni. Neno hilo laweza kumfaa muuza duka aliyegombana na jirani. Mwalimu wa zimamoto halimfai hata kidogo, lakini ndilo alilolisema, na akatoka nalo.

*

Nyumba waliyokaa ilikuwa ya kota, ya tatu kutoka kwenye lango la kituo: vyumba viwili, sebule na baraza. Ilikuwa nyumba ya kiongozi wa kikosi cha kemikali, na katika daftari la majengo iliandikwa hivyo, ili kengele ikilia awe wa kwanza kufika. Cheo kikienda, nyumba inakifuata. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Kwenye baraza hiyo aliwashonea sare watoto wa shule tatu, na wateja waliijua baraza kuliko walivyoijua sura yake. Alikuwa ameshaulizia vyumba mtaani, kimya kimya, na bei alizotajiwa hakumwambia mtu.

Jioni ya siku hiyo ya tatu binti alikuja kula nyumbani. Siku za kozi alilala bwenini na wenzake. Alimsaidia mama yake kupanga sketi zilizokwisha, akanawa, akaja kukaa kwenye ncha ya kochi na kitini mapajani. Mtihani ni kesho kutwa, alisema. Akamwomba baba ampitishe kidogo kwenye sura ya gesi.

Mzee Upepo alikuwa anapiga buti rangi. "Kamwulize mwalimu wenu. Si ndiye mwenye kitabu?"

"Baba, jamani."

"Mimi ni mwanafunzi mwenzako. Nakaa nyuma yako pale. Unataka tuibiane majibu?"

Cherehani ilinyamaza barazani. Mama akasema chakula kinapoa. Binti alikula haraka, akashukuru, akaondoka na kitini chake hakijafunguliwa. Mzee Upepo aliendelea kusugua buti moja mpaka likang'aa peke yake, mwenzake bado lina vumbi.

*

Mtihani ulikuwa na maswali hamsini. Matano yalichapwa kwa wino mwekundu, nayo yaliitwa maswali ya uhai: ukikosa moja tu umeanguka, hata kama mengine yote umepata. Kanuni hiyo aliitunga Mzee Upepo mwenyewe, na kwa miaka mingi aliwaangusha vijana kwayo bila huruma. Mkuki kwa nguruwe, wahenga walishasema.

Swali la kumi na nne lilikuwa jekundu. Mtungi wa klorini unavuja, watu wameshaondolewa, hatua ya kwanza ni ipi? Chini yake visanduku vinne, na yeyote aliyesoma kitini alijua kwamba cha pili ndicho: maji mengi mahali panapovuja.

Mzee Upepo alijua kuwa jibu hilo linaua. Klorini na maji vikikutana vinatengeneza tindikali, na tindikali inakula chuma. Tundu la sindano linageuka tundu la kidole kabla hujapata nafasi ya kurudi nyuma. Hakulijua kwa kusoma. Miaka kumi na miwili nyuma, kwenye mtambo wa kusafisha maji, rafiki yake wa zamu moja aliyeitwa Mluzi alielekeza mpira wa maji kwenye vali kama kitini kilivyosema. Vali ikaachia. Barakoa ya Mluzi haikuwa imeshika vizuri upande mmoja. Hakufa, ila alitoka hospitali na mapafu ya mtu wa miaka tisini, na ripoti ikaandika ajali kazini, basi.

Tangu hapo, kila alipofika ukurasa huo darasani, Mzee Upepo alikilaza kitini mezani kifudifudi. "Hapa kalamu iliteleza," alisema. "Nisikilizeni mimi." Kisha aliwafundisha inavyotakiwa: upepo uwe mgongoni kwako, ugeuze mtungi tundu likae juu ili itoke gesi tu na si ule umajimaji wa chini, uzibe kwa kifaa chake, na maji yasiuguse mtungi; kama ni lazima, yawe pazia la ukungu kule mbali gesi inakoelekea. Vijana waliandika pembeni mwa ukurasa. Kitini chenyewe hakukigusa. Miaka mitatu iliyopita darasa alipewa Projekta, aliyesoma kozi kabla ya ajali ile, na kitini kikaenda bila mdomo.

Alichukua rula. Chini ya visanduku vinne akachora cha tano, akakitia alama ya vyema, na mbele yake akaandika mistari sita ya herufi ndogo iliyopanda mpaka pembeni mwa karatasi.

Matokeo yalibandikwa Jumamosi asubuhi kwenye ubao wa korido. Mzee Upepo: tisini na nane kwa mia. Mbele yake, neno moja: HAKUFAULU. Vijana walisoma ubao, wakamtazama yeye, wakaondoka wakizungumzia mpira.

*

Kamanda alikuwa mwanamke aliyeajiriwa siku moja na Mzee Upepo. Mmoja alipanda ngazi za ofisi, mwingine ngazi za zimamoto. Alimwita ofisini, akafunga mlango mwenyewe, akamkaribisha kiti cha wageni.

Alianza kwa kumsifu. Hakuna mwingine aliyefika hata tisini, alisema, na Projekta mwenyewe ameona aibu. Kisha akamwambia kanuni inaruhusu kurudia ndani ya siku saba, kwa hiyo arudie Ijumaa. Ni swali moja tu. Aweke alama panapotakiwa.

"Panapotakiwa ni uongo, Kamanda."

"Unadhani sijui? Nilikuwepo siku ya Mluzi." Alishusha sauti. "Sikiliza, ndugu yangu. Kamati ya vitini inakaa mara mbili kwa mwaka, na imekaa mwezi uliopita. Wewe pita kwanza. Ukishakuwa na cheti na cheo chako, ulete hoja ukiwa ndani. Ukiileta sasa hivi watasema nini? Mzee kaanguka mtihani, anasingizia kitabu."

Maneno ya Kamanda yalikuwa na akili, na huo ndio uliokuwa ubaya wake. Mtu akikwambia upuuzi unamkatalia ukaenda zako. Mzee Upepo aliuliza vijana watafanya nini katika miezi hiyo mitano ya kungoja kamati. Kamanda akasema klorini haivuji kila siku.

"Na nikiandika leo leo?"

"Kwa maandishi utaulizwa mambo mawili. Nani aliandika ukurasa huo? Projekta kaweka jina tu juu, hata kesho ataliondoa, ila ule mswada wa kwanza ninao kabatini humu na mwandiko ni wako. La pili: ulijua lini kuwa ni kosa?" Alingoja. "Miaka kumi na miwili. Hiyo huwezi kuiandika ukabaki na kikosi. Mimi mwenyewe nitalazimika kukuondoa, na unajua sitaki."

Mzee Upepo alishukuru, akapiga saluti, akatoka. Koridoni alikumbuka kwamba kwa miaka mitatu amekuwa akilalamika kwa kila mwenye masikio kuwa jina lake limeondolewa kwenye jalada. Sasa lilikuwa limepatikana, na alitamani libaki kabatini.

*

Mkewe alimsikiliza huku anafumua mshono. Hakumkatiza. Mumewe alipomaliza, yeye aliuma uzi, akauweka pembeni.

"Mimi swali langu moja," alisema. "Mbona hukukirekebisha kile kitini? Miaka yote hiyo. Karatasi zipo, kalamu zipo."

"Nilikuwa nawaambia kwa mdomo. Kila darasa."

"Mimi nikikosea kipimo cha suruali, siendi shuleni kuwaambia watoto wavute tumbo. Naifumua." Aliitikisa sketi aliyoishika. "Wewe ulitaka waje kukuuliza. Ulitaka kile kitini kisitembee bila wewe."

Alitaka kukasirika na hasira haikuja. Ilikuwa kweli. Alikuwa anakumbuka utamu wa kukilaza kitini kifudifudi, na macho ishirini yakimwinukia. Hapa kalamu iliteleza, nisikilizeni mimi. Hakuna cheo kilichowahi kumpa utamu ule. Aliona aibu mbele ya mkewe, aibu ya kweli, akabaki anavuta nyuzi zilizoanguka kwenye kochi.

Binti aliingia bila kubisha. Alikuwa na cheti ndani ya bahasha ya plastiki na alikuwa anajizuia asitabasamu, kwa ajili ya baba. Alama themanini na sita. Mama akamkumbatia, akakishika cheti kwa ncha za vidole kisipate mafuta ya cherehani. Na amepangiwa kituo, binti alisema, anaripoti Jumatatu asubuhi: kile kidogo cha karibu na mtambo wa kusafisha maji.

Mtambo ule ulikuwa na mitungi mitatu ya klorini, kila mmoja mrefu kuliko mtu. Mzee Upepo aliijua kwa namba zake.

"Swali la kumi na nne," alisema. "Uliweka wapi?"

"Cha pili. Maji mengi mahali panapovuja."

"Kwa nini?"

Binti alishangaa. "Kwa sababu ndivyo ulivyoandika, baba. Najua kitabu ni chako. Nimekisoma tangu niko darasa la tano, kilikuwa chini ya kitanda chenu."

"Siku ile darasani nilinyoosha mkono. Uliniona?"

"Nilikuona." Akatazama chini. "Nilidhani unaomba kwenda msalani."

Hakuna aliyecheka. Mzee Upepo akamweleza pale pale, kwa mikono, kwa kutumia birika na kikombe: tindikali, vali, tundu linavyopanuka, Mluzi. Binti alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshikilia bahasha yake kifuani. Kisha akasema neno ambalo Kamanda alishalisema, ila kwa upole zaidi, na kwa hiyo liliuma zaidi.

"Baba, usikasirike. Lakini wewe umeanguka kwa swali hilo hilo."

"Unadhani najitetea?"

"Sijui. Hata kama ni kweli. Jumatatu mkuu wangu akisema leta maji, mimi nitamwambia nini? Kwamba baba yangu alisema nyumbani, akiwa ameshika birika?"

*

Mluzi alitengeneza saa kwenye kibanda cha vioo ng'ambo ya lango la kituo. Ilikuwa kazi isiyohitaji pumzi. Zamani aliweza kupiga mluzi wa wimbo mzima akiwa juu ya ngazi. Siku hizi aligawa sentensi vipande vipande, kama mtu anayepandisha mzigo. Kwa miaka kumi na miwili Mzee Upepo alipita pale kila siku, akamsalimia, akamwuliza hali, akaenda zake. Jumapili hiyo alivuta kigoda, akakaa.

"Ule ukurasa wa klorini," alisema, "niliuandika mimi."

Mluzi aliondoa lenzi jichoni. "Najua. Nilikaa... kando yako... unaandika. Kalamu... nilikuazima mimi."

"Na siku ile kwenye mtambo—"

"Nilifanya... kama ulivyoandika. Nilikuamini." Alipumzika. "Si kosa... kumwamini mtu."

Mzee Upepo alimwuliza mbona hakusema siku zote hizo. Mluzi akageuza saa aliyokuwa nayo, akaisikiliza sikioni.

"Kusema... ilikuwa zamu yako. Mimi pumzi... naweka akiba." Kisha akauliza binti kapangiwa wapi. Alipojibiwa, aliiondoa saa sikioni, akaiweka mezani. Hatimaye alirudisha lenzi jichoni na kuinamia saa. "Ile kalamu," alisema, "hukunirudishia."

*

Katika chumba cha simu cha kituo kikuu kulikuwa na kitabu cha zamu. Kilikuwa kikubwa, kurasa zake zina namba, na sheria zake zilikuwa kali kuliko za ofisi yoyote. Kilichoandikwa humo hakifutwi wala hakichanwi. Na kinachoandikwa kwa wino mwekundu na kiongozi wa kikosi lazima kisomwe kwa redio, neno kwa neno, kwenye gwaride la asubuhi la kila kituo, bila kungoja ruhusa ya mtu. Kanuni hiyo ilitungwa kwa ajili ya madaraja yaliyobomoka na visima vya maji vilivyokauka. Kamati haikuhusika nayo, wala Kamanda.

Mzee Upepo alikuwa bado kiongozi wa kikosi mpaka mwisho wa mwezi. Aliingia saa kumi alasiri, akamsalimia askari wa redio, akavuta kitabu. Alianza na tarehe na saa, kama alivyowafundisha watu elfu. Kisha akaandika:

"Ukurasa wa 31 wa kitini cha kemikali una kosa la hatari. MTUNGI WA KLORINI UNAOVUJA USIMWAGIWE MAJI. Maji huongeza tundu. Upepo uwe mgongoni, geuza mtungi tundu liwe juu, ziba kwa kifaa. Ukurasa huo niliuandika mimi. Kosa nimelijua kwa miaka kumi na miwili, tangu askari mwenzetu alipoumia kwa kuufuata. Nililirekebisha kwa mdomo tu. Wote waliofundishwa miaka mitatu iliyopita hawajaambiwa. Swali la 14 la mtihani nalo ni kosa."

Akaandika jina lake lote, la kwake na la baba yake, ambalo hapo kituoni hakuna aliyelijua tena, na akatia sahihi.

Askari wa redio alisoma akiwa amesimama nyuma ya bega lake. Alisoma mara mbili. "Afande, hii niisome hivi hivi?"

"Kama ilivyo."

"Hata hilo la miaka kumi na miwili?"

"Hilo hasa."

*

Yaliyofuata yalikwenda haraka, na katika idara ile ilikuwa ajabu. Jumatatu saa moja asubuhi taarifa ilisomwa vituo vyote. Saa mbili Projekta alikuwa ameshatoa jina lake kwenye jalada. Kitini kikawa yatima mpaka mchana, kisha mtu akaandika jina la Mzee Upepo kwa kalamu ya wino. Vyeti vya madarasa matatu vilirudishwa ofisini mpaka watu wafanye upya swali moja. Kamanda alimwita, hakumkaribisha kiti, akasema, "Ungenisubiri," akamkabidhi barua mbili. Ya kwanza ilimhamishia stoo ya vifaa, kuhesabu ndoo na mipira iliyotoboka. Ya pili ilimpa siku thelathini za kuiachia nyumba. Mtihani wa Ijumaa hakwenda, hakukuwa na haja.

Mkewe hakumlaumu, wala hakumsifu. Alibandika karatasi barazani kuwajulisha wateja wa sare anakohamia, na kila aliyesoma aliuliza huko ni wapi. Chumba walichopata kilikuwa kimoja na nusu, ghorofa ya tatu, hakina baraza, na kodi yake ilikula nusu ya mshahara wa mtu wa stoo. Siku moja, Mzee Upepo alipopita, Mluzi aliinua mkono kutoka kwenye saa zake bila kungoja kusalimiwa kwanza.

Binti alikuja siku ya ishirini na sita, mchana, akiwa na sare. Sebule ilikuwa imejaa maboksi. Mama alikuwa ameinama anafungua skrubu za meza ya cherehani ili ipite mlangoni. Binti hakukaa. Alisema wenzake wa bweni moja hawamsalimii, kwa kuwa vyeti vyao viko ofisini na nyongeza ya mshahara imesimama. Wanamwita Mtoto wa Ukurasa. Siku ya kwanza ya kazi, alisema, amesimama gwarideni buti zinameta, akasikia jina la babu yake kwenye redio, akageuka kuangalia ni nani kafa.

"Ningekwambia nini?" alisema Mzee Upepo. "Nilikwambia, hukuamini."

"Uliniambia baada ya mtihani. Mimi nilikuja kabla. Nilikuja na kitini nikakaa hapa, ukapiga buti rangi."

Mzee Upepo aliinamia boksi, akalifunga kwa kamba, akalifungua, akalifunga upya. Binti akavuta pumzi. Akachukua kitini kutoka kwenye mfuko wa suruali, kile kile, pembe zimelegea, na ukurasa wa thelathini na moja umebandikwa karatasi mpya juu yake. Akaliona boksi moja gumu, akalisukuma kwa mguu mpaka mbele ya baba yake, akaweka kitini juu.

"Kuna kurasa nyingine?" aliuliza.

Bisibisi ya mama ikasimama.

Mzee Upepo alikitazama kitini. Nje, upande wa kituo, vijana walikuwa wanafanya mazoezi ya kukunja mpira na mtu anawahesabia kwa sauti. Angeweza kusema hapana. Wangemwamini sasa, hilo ndilo lililomtisha.

"Wa tisa," alisema. "Na wa kumi na saba. Na kwenye ile orodha ya mwisho, namba mbili."

Mama alikaa chini juu ya boksi la vyombo. Binti alichomoa kalamu kwenye mfuko wa shati na Mzee Upepo akaanza kumtajia, taratibu, kama anavyoelekeza darasa: fungua wa tisa, mstari wa nne, pale palipoandikwa—

"Hapana," alisema binti, akamnyooshea kalamu. "Andika wewe."

Aliipokea kwa mkono wa kushoto. Akavuta kigoda, akakaa, akaufungua ukurasa wa tisa, akauliza leo ni tarehe ngapi.